Shela la Upande wa Kushoto

Mbinga mjini,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Mdogo wangu mpendwa Bonifasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na wanao wote, na mama umpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, utasahau. Ukiuliza habari za huku kwangu, tunapumua. Watoto wazima, kuku wameanza kutaga tena, na magoti yangu yananisumbua mvua ikinyesha lakini bado yananibeba hadi kanisani. Natumaini huko Matiri kahawa imechanua vizuri, na kile kikohozi cha mama kimepungua kwa ile dawa niliyomtumia.

Utajiuliza dada amepatwa na nini hata aandike barua wakati simu ipo. Simu nimejaribu. Kwenye simu mimi huanza kusema kabla sijafikiri, wewe unasema mtandao unasumbua, na mwisho tunaulizana habari za maharage tu. Barua huwezi kuikata katikati. Nimempa Ildefonsi, katekista wenu, aliyekuja huku kwenye semina, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako, na uisome yote, hata pale nitakapokuudhi. Mengine humu unayajua, lakini hujui yalifikaje kwangu.

Nianze na gari. Shemeji yako Hamphrey alipoleta lile gari la betri mlikuja wote kulitazama, na mama akauliza mafuta yanaingilia wapi. Baba alikuwa akituhadithia kwamba enzi zao mtu akitaka hata baiskeli alisubiri kibali na zamu yake. Sasa biashara imeachiwa huru, mtu anakwenda bandarini Dar kuchagua gari lililotumika Ujapani kama sisi tunavyochagua mitumba pale sokoni, na mume wangu, katika magari yote ya dunia, akachagua lisilokunywa mafuta. Nililichukia tangu siku ya kwanza. Mlidhani natania nilipoliita mke mwenza.

Sikuwa natania. Yule mwanamume hajawahi kunipangusa mimi vumbi, lakini gari alilipangusa asubuhi na jioni kwa kitambaa laini nilichokuwa nimenunua kwa ajili ya kabati la vyombo. Umeme ukikatika aliuliza kwanza kama gari limekwisha kujaa chaji, ndipo akauliza kama tumekula. Samaki hawakuruhusiwa kuingia humo, hata usipa wakavu waliofungwa kwenye mfuko, na huyu ni mtu aliyezaliwa Lituhi na kulelewa kwa usipa. Lakini kilichoniumiza zaidi ni ule ukimya wake. Pick-up letu la zamani ulilisikia likipanda kilima kabla hujaliona, mke ulijua mume yuko kona gani. Hili liliondoka uani kama linaiba. Nageuka kutoka jikoni, mume hayupo, na kuku hata hawajashtuka.

Basi mtu mwenye wivu kama mimi, ambaye nilizaliwa nao na mama ni shahidi, ukampa mume mwenye gari lisilo na sauti, unategemea nini.

Asubuhi ile ya ajali aliniaga vizuri. Aliniambia ana shughuli ya ziwa, nisimsubiri kwa chakula cha mchana. Nikajua ni Lituhi, kwenye mitumbwi yake. Baadaye tu, nikiwa naosha vikombe, nikakumbuka kwamba kwenye mambo ya samaki huwa anachukua pick-up. Pick-up lilikuwa pale pale chini ya banda. Nikasimama na kikombe mkononi.

Habari ya ajali ikaja kwa simu kabla hata sijamaliza kununa. Sikuuliza ni wapi, nilivaa kandambili za mtoto na kukimbia. Nilimkuta hospitali amekaa kwenye benchi, anakunywa chai. Kweli tupu, Bonifasia, mtu aliyegonga mlingoti kwa kasi nilimkuta anakunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari. Alikuwa na michubuko kwenye mikono na alama moja pana, nyekundu, iliyoanzia bega la kulia na kuteremka kifuani kwenda kiunoni kushoto, mahali mkanda ulipomshika. Nililia mpaka muuguzi akaniomba nikalilie nje. Alisema kulikuwa na ukungu kwenye ile kona ya kuteremka kutoka Matiri, na lori la makaa ya mawe lilikuwa limeharibika katikati ya njia. Matawi waliyoweka barabarani kuonya watu hakuyaona mpaka alipoyakanyaga. Akakata kushoto, gari likaacha barabara na kukutana na mlingoti. Nilimuuliza huko Matiri alifuata nini wakati ziwa liko mbele zaidi, na mbona gari lilikuwa linaelekea Kitai badala ya Lituhi. Akaniambia, Mama Rosina, nimetoka mzima, mshukuru Mungu. Nikamshukuru Mungu, lakini swali nikaliweka.

Sasa sikia kilichofuata. Wanawake wanaoleta ndizi sokoni kutoka upande huo walinipa pole kwa namna ambayo sikuipenda. Pole ilikuwa ndefu mno, na macho yalikuwa chini. Nikambana mmoja wao, Hildegardi, yule tuliyekaa naye dawati moja. Akasema watu walikimbilia gari lakini hakuna aliyethubutu kuligusa, maana kila mtu alisema lina umeme, ukiligusa unakauka. Walisimama mbali kwenye ukungu wakimwita dereva. Na kutoka pale walipokuwa waliona kitambaa cheupe kinaning'inia mbele ya kiti cha abiria, kirefu, na ndani ya gari vumbi jeupe limetapakaa. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Basi wakakubaliana wote kwamba Mzee Hamphrey alikuwa na bibi harusi. Bibi harusi amekimbilia kwenye mashamba ya kahawa, ameacha shela na poda.

Shela na poda, mdogo wangu. Mimi sikuolewa kwa shela, unakumbuka. Padri wetu na mchungaji wa kina Hamphrey walikuwa bado wanavutana ndoa ifungwe kwa nani, na mwishowe tulifunga kwa gauni la kuazima asubuhi ya siku ya kazi. Na leo mume wangu anaendesha na mtu mwenye shela. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu. Sikumuuliza. Nilimpikia, nikamkanda mabega kwa maji ya moto, na kila nilipofika kwenye ile alama ya mkanda nilikanda kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Gari lenyewe lilivutwa mpaka kwenye uwanja wa gereji hapa mjini, na mafundi wetu wote wakakataa kulifungua. Ikabidi aje fundi wa magari ya namna hiyo kutoka Dar, anaitwa Dunstan, mtu mpole mwenye glavu nene mpaka viwikoni. Nilikwenda kumwona akifanya kazi. Nilijiambia nakwenda kuangalia gari, lakini nilikwenda kulifuata shela.

Watu walikuwa wanalicheka gari. Pua yote ilikuwa imejikunja, boneti limekunjamana kama shuka lisilotandikwa, na mzee mmoja alisema hayo ndiyo magari ya bati, pick-up lenye ngao ya chuma lisingepata hata mkwaruzo. Dunstan akasema ni kweli, ngao isingejikunja, ila ule ugumu ungepita moja kwa moja mpaka kwenye mbavu za waliokaa ndani. Akasema pua ya gari hili imetengenezwa ijikunje makusudi, ile nguvu iishie huko mbele, isiwafikie watu. Akatuonyesha pale walipokaa watu. Milango ilifunguka vizuri, paa lilikuwa limenyooka, hata kisanamu alichokibandika Hamphrey kwenye dashibodi kilikuwa kimesimama. Betri nayo iko chini ya sakafu, ndani ya sanduku lake la chuma, na uzito ule wa chini ndio uliolizuia gari kubiringika kwenye ule mteremko. Mtu akauliza habari za umeme. Dunstan akasema gari likigonga hukata umeme lenyewe kufumba na kufumbua, usitoke kwenye betri, ila zile nyaya za rangi ya machungwa asiyezijua asizishike kamwe. Kwa hiyo wale waliosimama mbali hawakukosea sana, lakini anayeweza kutoka mwenyewe kwa mlango atoke na aende mbali na gari, asikae humo akisubiri.

Nikamwona akilini yule bibi harusi anatoka kwa mlango, anakwenda mbali na gari, na shela halimo kichwani.

Ndipo nikamuuliza habari ya kile kitambaa. Akakivuta nje. Kilikuwa mfuko, Bonifasia. Mfuko wa hewa. Alisema mmoja hukaa ndani ya usukani na mwingine ndani ya dashibodi upande wa abiria, gari likigonga hujaa na kumpokea mtu uso na kifua, kisha hunywea na kuning'inia hivyo. Na ile poda ni vumbi la ndani ya mfuko. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tairi. Watu wa Matiri wote na akili zao walimfungisha mume wangu ndoa na mfuko. Nilimpenda yule fundi kama ndugu. Nikasema moyoni jioni hii namchinjia Hamphrey jogoo.

Ningeondoka wakati ule ule, jogoo angechinjwa. Lakini mimi nikaendelea kuuliza, unanijua. Nikauliza kama mume wangu alikuwa peke yake, mbona mifuko yote miwili imefunguka. Dunstan akanijibu bila kuinua kichwa, kwamba kwenye gari hili kiti cha kushoto kina kitu kinachopima uzito. Kikiwa kitupu, mfuko wa kushoto haufunguki, maana wa kumpokea hayupo. Nikasema labda alibeba gunia. Akasema inawezekana, gunia lina uzito. Kisha akauvuta mkanda wa kushoto, haukurudi. Akasema huu nao ulijikaza na kujifunga siku ya ajali, ulikuwa umefungwa kwenye mtu, na ndivyo inavyotakiwa, maana mfuko bila mkanda unaweza kuumiza badala ya kuokoa. Nikauliza mtu wa namna hiyo anaumia wapi. Akasema haumii sana, anabaki na alama tu. Dereva hupata bega la kulia, abiria hupata bega la kushoto.

Nani anafunga gunia mkanda.

Sasa nikawa na kitu cha kutafuta. Mji mzima wa Mbinga, mwanamke mwenye alama bega la kushoto. Nilianza na Jacqueline mwenye saluni, yule anayepanga chumba karibu na duka letu, ambaye humwita Hamphrey bosi kwa sauti ya kuimba. Niliingia saluni kwake watu wamejaa, nikasema nataka kuona bega lake. Alinitazama, akaona sitanii, akashusha blauzi mbele ya wateja wote. Bega lilikuwa safi kama la mtoto. Kisha akaniuliza kama nitasuka au nimekuja kuangalia tu. Ikabidi nisuke. Nilikaa pale mchana kutwa huku akinivuta nywele, na alinivuta sana, na sikumlaumu.

Kikaja kipaimara cha mtoto wa Hildegardi, huko kwenu. Tulikuwa kwenye chumba cha nyuma tunabadilisha sare za akina mama wa WAWATA, vitenge vimetapakaa, kila mtu anaomba pini. Ukanipa mgongo nikufunge zipu. Kola ikateleza.

Alama ilikuwa imeanza kugeuka manjano, lakini ilikuwa pana kama ya Hamphrey, ya mlalo ule ule, ila bega la kushoto. Ukasema uliteleza shambani na kikapu. Nilipandisha zipu, nikaifunga na kishikizo cha juu, nikatoka kwenda kuimba na wenzangu. Sikumbuki tuliimba nini.

Bonifasia, nakwambia hili kwa sababu nisipolisema litanioza ndani. Nikiwa kwenye msafara ule, na sare yangu na rozari mkononi, nilikumbuka maneno ya Dunstan juu ya pua iliyojikunja na mfuko unaompokea mtu, na nilitamani wa kushoto usingefunguka. Nilitamani gari limlinde Hamphrey peke yake. Mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, nilikutakia hivyo kuanzia getini mpaka kwenye altare. Nilikumbuka utani wote wa shemeji, anavyokuita mke mdogo, unavyomwekea kipande cha kwanza cha nyama, na kila kicheko nikakihesabia dhambi. Kwenye ishara ya amani ulinipa mkono. Niliushika kwa vidole tu.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Hamphrey kwamba nimeliona bega. Sikutaja la nani. Akaniomba nifunge mlango. Aliniambia hakunidanganya hata siku moja. Alisema asubuhi ile aliniambia ana shughuli ya ziwa, na ilikuwa ya ziwa kweli, ila si lile la Lituhi.

Ilinichukua muda, mdogo wangu. Nilimtazama mume wangu na nilikuwa nimeanza kufungua mdomo kumtukana, ndipo akaweka kiganja kifuani mwake, hapa, na kunionyesha.

Aliniambia yote. Kwamba ulikiona kivimbe kwenye ziwa lako wakati wa palizi, kwamba alikupeleka hospitali Songea kwa njia ya Kitai mara ya kwanza wakachukua kinyama cha kupima, kwamba asubuhi ile mlikuwa mnakwenda kuchukua majibu. Kwamba ulimwapisha asiniambie, kwa sababu dada akijua leo, kesho watajua mpaka wavuvi wa Lituhi. Kwamba baada ya kugonga yeye ndiye aliyekuambia utoke, uende mbali na gari, urudi kwa mama kabla watu hawajafika. Aliogopa watu wakikuona watauliza maswali ambayo aliapa kutoyajibu.

Utadhani wivu uliniisha hapo. Haukuisha, uligeuka tu. Kwanza nilikuonea wivu kwa sababu ya mume wangu. Sasa nikamwonea wivu yeye. Kitu kama hicho kimeingia mwilini mwako, ukaangalia huku na huku duniani, ukamwambia Hamphrey. Mimi nilikufundisha kufunga kanga, mimi nilikaa na wewe siku zote za msiba wa marehemu mumeo, na siri yako ukampa mtu wa Lituhi. Nililia kuliko siku ya ajali. Na ubaya ni kwamba ulikuwa na haki. Mtu anayevamia saluni kukagua mabega ya watu, nani atampa siri.

Lakini kuna jambo moja Hamphrey amesema ambalo sitalinyamazia. Amesema kila akikupigia mwende kuchukua majibu unakataa. Unasema ile ajali ilikuwa ishara, Mungu alifunga njia, hataki uende. Bonifasia, usimsingizie Mungu. Mimi nimelishika lile gari kwa mikono yangu. Nimeona chuma kilivyojikunja chote mpaka kikafika pale miguu yako ilipokuwa, kikakomea hapo. Nimeona mkanda uliojikaza ukagoma kurudi, na ule mfuko niliouita shela. Vitu vyote vile viliharibika siku moja ili wewe ufungue mlango utembee mpaka kwa mama. Mungu akitaka kumzuia mtu asiende Songea angetoboa tairi tu. Wewe umetolewa mzima, halafu unataka ukakae kwenye kigoda jikoni na kitu hicho, usijue hata jina lake. Kama si kitu, tujue si kitu. Kama ni kitu, tukiwahi.

Kwa hiyo sikuombi, nakuarifu. Jumanne Hamphrey anaazima gari la shemeji yake wa Kitai, maana pick-up halina viti vya nyuma; ni la mafuta, lina kelele, utatusikia tukija. Mikanda yake nimeikagua mwenyewe, yote inafunga. Sijamwambia mtu, hata Hildegardi, hata padri, na Hamphrey atakuambia ninavyoteseka. Mama utamwambia wewe ukiwa tayari. Kama hutaki kuongea njiani tutanyamaza, na mimi nitanyamaza, utaona maajabu.

Namalizia hapa kwani Ildefonsi amekwisha kufunga mzigo wake na ananitazama. Rosina anakusalimu, anasema shangazi zake hawajui kusuka kama mama yake mdogo. Hamphrey anakusalimu na anaomba umsamehe, nimemnyang'anya siri yako kwa nguvu. Mimi sijui niombe nini, unisamehe ule mkono nilioushika kwa vidole.

Jumanne mimi nitakaa nyuma. Kiti cha mbele kushoto ni chako, na mkanda nitakufunga mwenyewe, taratibu, bega bado linauma. Ukipona ni kiti changu. Usizoee.

Dada yako,
Gertrude, Mama Rosina.